Jina Lililobaki Mlangoni

Shemeji yangu ni fundi viatu, na tangu dada yangu afariki miezi minane iliyopita, hakuwa ametoa chozi. Msibani watu walimtupia jicho. Mimi nilimkasirikia waziwazi, nikamwita roho ngumu. Kumbe alikuwa hahisi kitu chochote, hata njaa. Nikimwekea chakula anakula. Nisipomwekea anaendelea kugonga soli.

Kwa miaka kumi na miwili dada alimbembeleza abatizwe. Basi alipobaki peke yake akajiandikisha kanisani katika darasa la ubatizo, akawa anakaa benchi la nyuma na gundi kwenye kucha. Siku ya mwisho, Jumamosi, nilimsindikiza. Mwalimu alitaka kila mmoja aeleze alivyoitwa na alichohisi moyoni. Asiye na la kusema angesubiri mwaka mwingine. Wenzake walieleza ndoto, moto, machozi. Mmoja alieleza mpaka nikapiga miayo.

Ilipofika kwake, shemeji alisimama.

"Mimi sijahisi kitu, Mwalimu."

"Hata kidogo, Fundi? Sasa huwa unakuja kufanya nini?"

"Nakuja kufagia. Nikimaliza nakaa nasikiliza."

Tukatazamana. Mlangoni pa kanisa imebandikwa orodha ya zamu za usafi, na Jumamosi ilikuwa ya dada. Hakuna aliyekumbuka kufuta jina lake. Kila mtu alidhani kuna mwingine anayefagia, na mimi nikiwemo, ninayejifanya kuona kila kitu.

"Nani alikutuma?" mwalimu aliuliza, safari hii polepole.

"Jina lake lipo pale. Nisipokuja, itaonekana yeye hakuja."

 Mwalimu akasema huo ni wito tosha, kesho atabatizwa. Kisha, kwa nia njema kabisa, akaenda mlangoni na kalamu, akakata jina la dada na kuandika la shemeji juu yake.

Shemeji alilitazama jina lake mwenyewe muda mrefu.

"Shemeji," akaniambia, "sasa amekufa."

Nilimshika mkono.

Jumapili alibatizwa, akatoka majini na uso ule ule, akaomba taulo. Jumamosi iliyofuata niliwahi kanisani kabla ya watu. Nilimkuta anafagia huku analia, vumbi limemganda mashavuni, na ufagio hakuuacha.