Kona ya Kuitia

Usiniulize kwa nini tuliacha lami. Toka Mbinga hadi ziwani siku hizi ni kuteleza tu, lakini Bibi aling'ang'ania barabara ya zamani, ile ya Maguu, kapakata kikapu cha maharage. Alitaka amwone shoga yake wa ziwani kabla macho hayajamwisha kabisa. Kaka, aliyekuwa kwenye usukani, alinuna kwa kila shimo. "Lami ipo, sisi tunahangaika na mawe!"

Mimi utoto ulikuwa umenirudia wote. Enzi hizo tulishuka kwa miguu, mizigo kichwani, vumbi jekundu hadi kwenye kope, mibuni imechanua na harufu yake inatufuata. Kwenye kona ambapo ziwa huanza kuonekana, Bibi alikuwa akitua mzigo na kuliita jina la shoga yake kwa sauti ndefu. Bondeni shoga aliitika, na papo hapo akabandika sufuria. Tukifika, ugali wa muhogo unafuka moshi, usipa, wale dagaa wa ziwani, umeungwa kwa nyanya. "Nikishaitika nimeshapika," alipenda kusema, nasi watoto tukipigania ukoko. Maharage yalibaki kwake, sisi tukapanda na usipa mkavu.

Juzi, kwenye kona ileile, Bibi aliomba tusimame. Akashikilia mlango wa gari, akaita. Akaita tena, sauti ikamkatikia njiani.

"Nisaidieni jamani, huenda hasikii."

Tukaita, hata Kaka aliita. Aliyetokea ni mzee mmoja mwenye jembe, akitoka kupalilia mihogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mnamwita nani? Watu wamehamia kwenye lami."

Bibi akamtaja shoga yake. Mzee akavua kofia. "Poleni sana. Yule tulimzika mwaka juzi."

Mwaka juzi! Na Bibi kila mavuno anamchagulia maharage, anamtengea. Zamani wachuuzi wa samaki wangetufikishia msiba hata matanga hayajaanuliwa. Sasa wanapita lami na pikipiki zao, hawamjui mtu wala hawasalimii. Inaniuma, na mtu asinieleze habari za maendeleo.

Bibi alimpa mzee maharage yote, pamoja na kikapu. Akapapasa kiti, akaketi.

"Turudi kwa lami, mjukuu wangu," akamwambia Kaka. "Huku sina tena mtu."