Lengalenga juu ya Udongo wa Shaba

Mimi sikusoma mingi. Basista balinifundisha kusoma sala na kushona, basi. Lakini kulima, nilikuwa nasema hakuna muntu wa kunifundisha. Njo maana haya maneno yananiuma mpaka leo, hata kama yananichekesha.

Wakati mji wetu huu wa shaba ulikuwa ungali unaitwa Elisabethville, tulikaa mu kampi ya batumikaji, njia ya kuenda Naviundu. Posho ilileta unga wa bukari, njo ugali, maharagi na samaki ya kukauka. Mboga ya majani, hapana. Sisi bamama tukaomba muzungu wa kampi atupatie pahali pa kulima. Akasema: "Chagueni kipande kule inje. Ni chenu mpaka Pasaka. Kama siku ile sioni majani, naweka matofali yangu pale."

Mimi njo nilichagua. Nilitoka kaskazini na train, na macho ya mugeni: nikaona uwanja mupana, hata muti moja haiko, paka nyasi fupi tu na maua kidogo ya bluu. Nikasema, Mungu ametufyekea! Nikaita vijana ba parokia, bachana na basichana. Bakakuya bila mushahara, nikabapanga mustari kama baaskari. Tukapanda lengalenga, mboga bengine banaita mchicha.

Ikaota, ikageuka manjano, ikakufa. Tukapanda tena. Ikakufa tena. Na Kwaresima ilikuwa imekwisha kuanza.

Siku moja akapita mama muzee, mwenyeji wa hapa, na kikapu cha uyoga ku kichwa. Alisimama, akatuangalia, akacheka mpaka akakamata kikapu na mikono mbili.

"Nani amesema mulime hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Aa, ninyi bantu ba train! Unaona hii ua ya bluu? Inaota paka kwenye kuko shaba tu. Unataka kula bukari na shaba?"

Vijana bakacheka. Nikabaangalia, bakanyamaza. Lakini uso wangu ulikuwa unawaka.

"Sasa nifanye nini, mama? Pasaka iko karibu."

Akanyoosha kidole ku kichuguu, kikubwa kama nyumba, pembeni ya njia. "Udongo wa muchwa ni muzuri. Leteni ule, mumwange juu ya huu. Lakini mingi, eh? Musinifanyie tumwiko-tumwiko."

Pale njo nilijua vijana ni nini! Bachana baliiba sululu za bababa yao, basichana babeba mabeseni. Kichuguu kikaanza kuanguka, pum, pum. Bachana bakapiga kelele: "Leo sisi ni bachimba shaba!" Musichana moja alipita mbio na beseni ku kichwa, anapiga filimbi ya train: "Pisheni! Wagon inapita!" Na mimi, mama wa batoto batano, mwenye sichekake ku kazi, nikajikuta namufuata mbio, udongo unaniingia mu macho. Kila siku, kisha kazi na kisha masomo, tulibeba. Matuta yakafika mu magoti. Tukachanganya majivu na mavi ya mbuzi, tukapanda mara ya tatu.

Asubuhi ya siku ya tano nikaenda kuangalia mbele ya misa. Kijani! Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu. Mara hii manjano haikukuya.

Jumamosi ya mbele ya Pasaka muzungu akakuya na fimbo yake. Akaichoma mu tuta. Akachuma jani, akalinusa.

"Na kile kichuguu cha pembeni ya njia, kilienda wapi?"

Nikamujibu: "Bwana, umesimama mbele yake."

Akacheka. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Sawa. Limeni."

Loo! Mabeseni yalirushwa juu. Nikageuka nishukuru bachana. Hawako. Balikuwa kule kichuguu kilikuwa, banapima na miguu, banaweka mawe mbili huku, mawe mbili kule.

"Munafanya nini?"

"Mama, ulifikiri tulikuwa tunachimba paka juu ya lengalenga tu? Kile kichuguu kilikuwa kinatukatalia kucheza mupira miaka yote."

Nilitafuta hasira, sikuipata. Nikasema tu: "Mupira wenye kuingia mu bustani yangu hautoke."

Bakafikiri ni mizaha. Mupira wao wa matambara uliingia hata mbele ya Pentekoste. Niliufungua kamba, matambara yake nikasugulia sufuria ya lengalenga.