Mapipa Gani?

Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu Breki amelipwa kukaa kiti cha abiria na kuogopa kwa niaba ya wengine. Gari lake la kufundishia udereva lina kanyagio la pili la breki upande wake, na mguu wake wa kulia haujui kupumzika. Mkewe hulalamika kwamba hata usingizini unakanyaga ubao wa kitanda. Jina alipewa na wanafunzi. Kwenye mlima huweka kiberiti nyuma ya gurudumu, na kumwamuru mwanafunzi aondoe gari bila kukiponda, na kikipondwa mwanafunzi hununua kingine. Ni mtu mkali, mwenye kelele, lakini hakuna aliyepita mikononi mwake akagonga mtu. Hilo hulisema mwenyewe, na hulisema mara nyingi mno.

Rafiki yake wa miaka thelathini ni dereva wa basi la shule, ambaye watoto humwita Babu Honi. Jumamosi ya mwisho ya likizo, siku mbili kabla shule hazijafunguliwa, wawili hao waliamua kujifurahisha: watoke asubuhi na gari dogo la Babu Honi, waifuate barabara ya pwani ambayo hakuna kati yao aliyewahi kufika mwisho wake, warudi jioni. Walibeba chupa ya chai, mkate na mayai ya kuchemsha. Babu Honi akaongeza sharti moja.

"Leo sitaki kusikia neno breki," alisema akifunga mlango. "Ukilitamka tu, unashuka, unarudi kwa miguu."

"Nimekubali, bwana. Leo mimi ni mzigo. Nibebe tu."

Ikawa safari tamu. Bahari ilikuwa upande mmoja, mashamba ya minazi upande wa pili, na Babu Honi aliendesha bila kufikiri, mdomo ukiwa na kazi nyingine. Alikuwa anasimulia habari za shemeji yake aliyenunua kitanda kikubwa kisichoingia mlangoni. Katikati ya kisa akapiga honi ndefu na kupunguza mwendo.

"Mbuzi wa huku hawana adabu kabisa," akasema.

Mwalimu akatazama. Mfuko mweusi wa plastiki ulikuwa unapeperuka kando ya lami. Alicheka mpaka chai ikammwagikia mapajani. Babu Honi naye akacheka, ila alichelewa kidogo kuanza. Mwalimu aliliona hilo akaliacha lipite, maana likizo ni likizo.

Baada ya kona ndefu barabara ikanyooka. Mbele, mbali bado, Mwalimu aliona kibao chekundu, kisha mapipa manne mekundu yaliyopangwa kuikata barabara, na mtu aliyevaa fulana ya rangi ya machungwa akipunga bendera. Atapunguza sasa, Mwalimu alijiambia. Gari halikupungua. Shemeji alikuwa ameanza kung'oa fremu ya mlango ili kitanda kipite. Atapunguza tu, huyu si mwanafunzi, huyu alishika usukani kabla mimi sijaota ndevu, na isitoshe nimeahidi. Mwenye bendera akaitupa bendera, akarukia majanini.

Mguu wa Mwalimu ukakanyaga kwa nguvu zake zote, na chini hapakuwa na kitu ila zulia.

"Breki! Breki, wewe!"

Akaivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Gari likapiga yowe, likageuka ubavu, pipa la kwanza likaruka, la pili likapinduka, kisha kukawa kimya. Mayai yalikuwa yanabingirika miguuni mwao. Hatua tatu kutoka dirisha la Mwalimu, lami ilikuwa imekatika. Bahari ilikuwa imeila barabara kutoka chini, na shimo lililobaki lingemeza lori zima.

 Kwa miaka ishirini na sita Mwalimu alidhani anajua woga, kumbe alikuwa anausikia kwa jirani.

Mwenye fulana akaja anahema, akalipiga paa la gari kofi. "Wazee! Mmelewa au mmechoka kuishi? Hamkuyaona mapipa?"

Babu Honi alikuwa bado ameshika usukani. Akamgeukia rafiki yake na kumwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaka kweli kuambiwa:

"Mapipa gani?"

 Mwalimu Breki alimtazama mwenzake usoni, akayatazama macho yale aliyokunywa nayo chai miaka yote, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba hayamtazami yeye hasa, yanatazama mahali karibu naye.

Walilisukuma gari pembeni. Mwalimu hakuuliza maswali; alifanya anachojua. Kila mwanafunzi wake, kabla ya kugusa usukani, husimamishwa hatua ishirini na tano kutoka kwenye gari na kuambiwa asome namba. Asiyesoma haendeshi, hata awe mtoto wa waziri. Akamshika mkono Babu Honi, akahesabu hatua kutoka kwenye lori la kokoto la mafundi wa barabara.

"Soma namba ya lori lile."

"Lipi?"

Walisogea hadi hatua kumi. Babu Honi akakunja uso, akataja herufi mbili, na zote mbili hazikuwepo. Kwenye hatua ya nne akasema, "Niache, ndugu yangu. Inatosha."

Wakaketi juu ya jiwe. Babu Honi alieleza kwamba mambo yalianza miaka miwili nyuma, kwanza jicho la kushoto, halafu la pili likamfuata mwenzake.

"Na watoto?" Mwalimu alijikuta anapiga kelele. "Watoto sitini na wawili!"

"Njia ile naijua kwa matuta, bwana. Matuta matatu, kituo cha kwanza. Ukivuka daraja unahesabu mpaka kumi, kituo cha pili. Sijawahi kukosea." Alisema hivyo kwa fahari, na fahari hiyo ndiyo iliyomtisha Mwalimu zaidi.

"Na mtoto akikatiza mbele yako? Naye ni tuta?"

Babu Honi aliokota jani kavu, akalivunjavunja.

"Haya, ni mpuuzi gani aliyekupima macho mwaka huu, akakuacha..." Mwalimu alianza, kisha akakumbuka.

Mpuuzi huyo alikuwa yeye. Kila mwaka dereva wa basi la shule hupeleka fomu kwa mwalimu wa udereva mwenye kibali, apimwe macho. Babu Honi alileta ya kwake mwezi uliopita. Mwalimu alisaini kwa mkono mmoja huku mwingine ukimimina chai, akasema, "Wewe nikupime nini? Si wewe uliyenifundisha kurudi nyuma na trela?" Wakacheka. Mwaka wa nyuma yake alisema hayo hayo. Vijana wa watu aliwasimamisha juani na kuwakaripia kwa herufi moja, na huyu alimpitisha kwa kikombe. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwake kilikuwa kwenye mfuko wa shati, pale anapochomeka kalamu. Akainuka akatapika majanini.

"Imebaki miezi minane nistaafu," Babu Honi alisema nyuma yake. "Nitakwenda polepole."

"Jumatatu huendeshi. Piga simu."

"Nikipiga wataifungua fomu. Watakunyang'anya kibali, na gari lako litakaa. Umefikiria?"

Alikuwa amefikiria. Tangu pale alipoanza kutapika alikuwa hafikirii kingine, na aliona aibu kwamba ndivyo ilivyo.

"Piga," alisema.

Babu Honi alitoa simu, akaileta mpaka ikagusa pua, akaizungusha, akashindwa. Mwalimu akamtafutia namba ya mwalimu mkuu, akabonyeza, akaweka sauti ya nje. Babu Honi akajieleza, na mama huyo mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Asante kwa kuniambia, baba," alisema. "Miaka miwili? Mungu wangu. Lakini fomu yako ilikuja mwezi uliopita tu, inasema uko mzima, nayo imefungiwa ofisini. Nani alikupima? Nataka jina, maana huenda amewapima na madereva wengine."

 Babu Honi aligeuza uso kuelekea sauti ya mawimbi, akaubana mdomo kama mtoto anayekataa dawa, na ilionekana wazi kwamba angekaa hivyo mpaka jua lizame.

Mwalimu Breki akaichukua simu kutoka mkononi mwake.

"Ni mimi hapa, mama, mwalimu wa udereva," alisema. "Mimi ndiye niliyesaini. Sikumpima."

Kisha akamtajia namba ya kibali chake, tarakimu moja moja, ili aiandike.