Wimbo wa Mvua

Wimbo mfupi wa kinanda ukilia dukani, ndipo Sawako hujua kwamba nje mvua imeanza. Ghorofa anayouzia miavuli, chini ya ardhi katika duka kubwa la Osaka, haina dirisha. Wimbo ukisikika, wauzaji hufunika mifuko ya wateja kwa nailoni, na miavuli yake hupunguzwa bei.

Siku ya mafuriko aliuza miavuli mia mbili, akiomba mvua isikome, asijue kwamba maji yameshamchukua mumewe, Tetsuji.

Miaka tisa imepita. Leo wimbo umelia tena.

“Dada Sawako, changamka! Mvua yetu hiyo, leo haubaki mwavuli hata mmoja!” akatania Noriko, muuzaji mwenzake.

Sawako akafungua mwavuli wa kwanza, akanong'ona chini yake, “Nisamehe, Tetsuji. Niliiomba mimi.”