Hodi Kutoka Tangi la Juu

Jumatano, mwezi wa saba. Ukungu ulishuka toka msituni tangu asubuhi, na manyunyu ya baridi hayakukatika hadi mchana.

Naandika, lakini sijui kama nitapanga vizuri. Shule niliishia darasa la saba.

Kwenye shamba la kahawa mimi nafagia ofisi ya pampu na kuangalia printa. Tangi la maji liko juu, mpakani na msitu wa hifadhi. Ndani yake kuna boya. Maji yakipanda linapanda nayo, na kifaa chake kinatuma kipimo kwa redio hadi kompyuta ya ofisini. Kompyuta inaweka kwenye faili, na kipimo kikibadilika printa inachapa mstari. Umeme ukikatika ghafla faili huharibika, lakini karatasi inabaki.

Leo mume wangu, fundi bomba, alipanda kusafisha tangi. Walinzi walishasema kuna tembo dume huko. Nikamwomba asubiri ukungu upungue.

"Mke wangu, tembo hanitaki mimi, anataka maji," akacheka, akaenda. Labda ningeng'ang'ania.

Baadaye printa ikaanza. Limejaa. Nusu. Limejaa. Nusu. Fundi wa mitambo, ambaye yuko Arusha, aliniagiza ikichapa hovyo niizime isimalize karatasi. Simlaumu, ilishawahi kuchapa upuuzi siku nzima boya lilipokwama. Nikapeleka kidole kwenye swichi.

Lakini ilikuwa inapumzika. Linajaa mara tatu, kimya. Mara tatu tena, kimya. Kama mtu anayepiga hodi na kusubiri aitikiwe.

Msimamizi wa shamba akachungulia. "Mama Printa, mashine yako leo imelewa?"

"Bosi, huo ni mkono wa mtu. Maji hayawezi kujaa na kupungua haraka hivyo. Ni baba watoto."

Akampigia mume wangu simu, haipatikani. Kule huwa hakuna mtandao, kwa hiyo hilo halikuthibitisha kitu. "Na nikimkuta amekaa anatafuna muwa?"

"Utanicheka mpaka Krismasi."

Akachukua gari na walinzi. Angeweza kukataa, maana hata mimi sikuwa na hakika.

Nikabaki na printa. Hodi zikaanza kuchelewa. Mara mbili, kimya. Mara moja. Kisha hakuna. Nikaangalia karatasi, ipo. Waya, umeshika. Kwenye kompyuta: nusu, nusu, nusu. Nikapiga magoti pale pale sakafuni. Hata sala sikuikumbuka yote.

Nikasikia honi kwa mbali, na madebe yakigongwa kumfukuza tembo. Muda ukapita. Gari likarudi, mume wangu yuko nyuma, amelowa, mkono ameuficha kwapani.

Kumbe alikuwa amekwama juu ya tangi, tembo chini akipapasa bomba kwa mkonga. Akafungua mfuniko, akawa anainua boya kwa mkono na kuliachia, ili printa ichape.

"Nilijua unaiangalia karatasi," akasema.

"Na mbona ulinyamaza?"

"Vidole vilikufa ganzi."

Mimi nilidhani ni yeye aliyekufa. Na tembo naye, nadhani alikuwa na kiu tu.

Jioni tumekula makande na maziwa ya mgando. Kijiko kilikuwa kinamponyoka, nikamlisha mimi, watoto wakamcheka.