Macho ya Pelagia

Jirani yangu Pelagia, hapa mjini Kavala, huchora watoto kwa penseli. Akimchora mtoto, hata kidonda cha goti utadhani kinawasha. Lakini kazi hiyo inataka kumkodolea mtoto macho asubuhi nzima, na kwetu ukimkodolea mtoto wa watu hivyo, tena ukamsifu, unaweza kumtia jicho, akaugua. Kinga yake ni kumtemea mate kidogo: ftu, ftu, ftu! Pelagia hutema kila baada ya mistari michache. Akina mama wanamwamini kwa hilo kuliko kwa uchoraji wenyewe.

Siku moja alimkalisha Fotini, binti wa Evanthia, uani chini ya mzabibu. Kope za mtoto yule zikampumbaza. "Jamani, macho hayo!" akasema, akaendelea kuchora. Hakutema. Evanthia aliliona hilo.

Jioni mtoto akaanza kutapika. Mtaa mzima ukajua. Mama aliyepanga kumleta mwanawe kesho yake akadai mtoto ana mafua. Mafua gani Julai, na joto la kwetu lile? Pelagia akaja kwangu mbio.

"Na kama kweli ni mimi? Nani ataniachia tena nimtazame mwanawe?"

"Acha upuuzi," nikamwambia, ingawa na mimi niliogopa. "Twende kwao."

Tulimkuta bibi Harikleia, mwaguzi wa jicho mtaani, keshaweka sahani ya maji. Evanthia hakuitikia salamu yetu. Bibi akanong'ona sala zake, akadondosha tone la mafuta ya zeituni. Likiyeyuka majini, ni jicho. Pelagia alinibana mkono hadi ukafa ganzi.

Tone likaelea, zima.

"Hapana jicho hapa," akasema bibi, akamgeukia mtoto. "Haya, mjukuu wangu, umekula nini?"

"Zabibu."

"Zabibu gani, nazo bado mbichi?"

"Za Bi Pelagia. Yeye na mama walipokwenda kunywa kahawa."

"Nyingi?"

"Nilizofikia tu." Akafikiri. "Nilipanda kiti."

Evanthia akacheka huku analia. Pelagia akaketi sakafuni, akaangua kilio bila aibu. Mimi nilimshukuru Mungu, kisha nikamlaani yule mama wa mafua.

Jumamosi Evanthia akamrudisha Fotini, mzima kabisa. Pelagia akachora akimtazama kwa kuibia tu, macho yamekwama kwenye karatasi. Evanthia akamvumilia kidogo, kisha akainuka, akamsogeza mwanawe karibu kabisa na mchoraji.

"Mtazame, dada," akasema. "Mtazame mpaka utosheke."