Kivumbasi cha Ng'ambo

Shamimu alizaliwa kijijini Mpapura, akaolewa mjini, mtaa wa Chuno, na kutoka kwao hakuja na kitu cha maana kuliko alichofunzwa na bibi yake: kivumbasi. Kinajiotea chenyewe nyuma ya bafu, hakuna aliyekipanda. Ukikikata kinachipua, na kiangazi kikikikausha, mvua inakirudisha. Majani yake hufikichwa yakanuswa pua ikiziba, huchemshwa mgonjwa akajifukiza, na maji yake hunywewa tumbo likisokota.

Mumewe Salumu, fundi cherehani anayekohoa kila msimu wa baridi, hakutaka hata kukisikia.

"Mama Ismaili, hilo jani la kufukuzia mbu ndiyo unitibie mimi?"

Miaka yote hiyo Shamimu alitaka jambo moja tu: mumewe aseme, japo mara moja, kwamba dawa yake inafaa. Salumu alimnyima neno hilo kwa choyo tu.

Basi Shamimu akakianika kivumbasi, akakitwanga, akakifunga kwenye vitambaa vyeusi na kumpa shoga yake Rukia, jirani wa ukuta kwa ukuta, auze sokoni.

"Waambie dawa hii imetoka ng'ambo ya mto Ruvuma, kwa bibi mmoja asiyeonana na watu."

Watu wa mjini bwana! Walewale waliokuwa wakikifyeka kivumbasi uani kwao wakaanza kupigana vikumbo kwa Rukia. Salumu naye akanunua. Akajifunika shuka akajifukiza, mkewe akimshikia sufuria, na kikohozi kikakatika.

"Sasa hii ndiyo dawa," akasema, "siyo majani yako ya bafuni."

Shamimu akaenda kumwaga maji.

Haukupita muda Rukia akaja mbio. "Shoga, mumeo amenifanya mshenga. Anamposa bibi wa ng'ambo, ati apate mke anayejua dawa!"

Shamimu alicheka mpaka akajikuta analia. Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mwambie bibi amekubali kuonwa. Ijumaa, baada ya swala."

Salumu akaanza kujishonea kanzu mpya. Macho yalipomsumbua alimwita mkewe amtungie uzi kwenye sindano, na Shamimu alimtungia.

Ijumaa ilipofika, Rukia akamtanguliza bwana harusi kwenye kichochoro cha nyuma, kanzu inang'aa, udi unanukia.

"Mbona hapa ni bafuni kwangu?"

"Pita tu, shemeji. Bibi anachuma dawa."

Akapita. Katikati ya vivumbasi alimkuta mkewe ameinama, vitambaa vyeusi vimepangwa pembeni.

"Karibu, bwana harusi."

Salumu akatazama majani, akatazama vitambaa. "Kumbe wewe! Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka yote, baba Ismaili."

Salumu akakuna kichwa. "Basi... dawa yako inafaa," akasema, kama mtu anayeng'olewa jino.

Neno lilikuwa ndilo hilo, na Shamimu hakuona utamu wake. Akaendelea kuchuma.

"Ya kifua ninayo," akasema. "Ya masikio bado sijaipata. Na posa yako, bibi ameikataa."